Ni Kawaida ya Gari Jipya

Bukiriro, Ngara
4 Machi 2024

Binti yangu Joyceline,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Najua utacheka kwamba baba bado anatuma barua kwa basi wakati simu ipo. Nimefundisha watoto kuandika barua miaka thelathini na moja, niache.

Kaka yako Wiston ana shida na ile pikapu mpya uliyomsaidia kuichagua hapo kwenye kampuni yenu. Nailoni ya viti bado hataki itolewe, lakini akishika breki kwenye miteremko ya kwenda Nyakanazi, usukani unatetemeka na pedeli inamsukuma mguu. Gari lina miezi minne tu! Kwa kuwa wewe ndiye unayepokea magari ya matengenezo, nimemwambia asihangaike, ndugu yupo ndani. Tufanyeje?

Baba yako,
Bernardo


Mwanza
12 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni uchovu wa kazi tu. Goti lifunge kitambaa cha moto, usijifanye kijana.

Mwambie Wiston alete gari, nitampokea mwenyewe. Ila tafadhali, baba, yule fundi Mayunga wa Nyakanazi asiguse hata nati moja. Akifungua gurudumu, dhamana ya kampuni imekufa, na mimi nitaaibika hapa. Magari ya siku hizi si ya nyundo.

Msalimie wifi yangu Frida na watoto.

Binti yako,
Joyceline


Bukiriro
25 Aprili 2024

Mwanangu,

Habari za huko? Sisi wazima, maharage yamekubali.

Gari lilirudi limeoshwa, linang'aa, Frida nusura ajitazame humo afunge kilemba. Wiston anajisifu kwa kila mtu kwamba ulimkalisha kwenye kiti cha wageni, ukampa soda, ukamwambia mtetemo ule ni kawaida ya gari jipya.

Lakini mama, bado linatetemeka. Juzi akiwa Nyakanazi, Mayunga alipeleka kiganja karibu na gurudumu la mbele kushoto, akakirudisha haraka. Akasema, "Wiston, breki hii haiachii, inajipika yenyewe. Niachie saa moja tu." Wiston akamjibu, "Dada yangu kasema hapana." Mayunga kanuna mpaka leo. Na mimi nilimuunga mkono kaka yako. Nani amwamini fundi wa chini ya turubai, amwache binti aliyesoma? Hata hivyo nakuomba uwaulize tena mafundi wenu.

Baba yako


Mwanza
9 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali gani, wiki tatu tangu tumzike Wiston. Siku ya mazishi nilikaa mkeka mmoja na Frida, mdomo ukagoma. Sasa naandika.

Polisi wameandika mwendo kasi. Msibani nilisikia wakisema alikimbiza gari, ndiyo maana likamshinda mteremkoni, akafa yeye na yule mama wa hapo kijijini, Francisca, aliyekuwa amempa lifti. Si kweli, baba. Siku alipoleta gari tulikuwa na magari ishirini na mawili. Fundi alilizungusha uani, na uani kwetu ni tambarare tupu. Halikutetemeka. Hakuna aliyefungua gurudumu. Nikaandika, "Limekaguliwa, ni kawaida ya gari jipya," nikatia saini, likapelekwa kuoshwa.

Barua yako ya Aprili niliipata. Niliona aibu kumsumbua mkubwa wangu mara ya pili kwa gari la kaka yangu, nikaiacha mkobani. Nimemuua Wiston, baba. Niambie neno lolote, hata la kunilaani.

Joyceline


Bukiriro
20 Juni 2024

Mwanangu Joyceline,

Pole. Sikulaani. Nimekuwa nikilia nikikuwaza wewe pia.

Karatasi hiyo ya ukaguzi ninayo. Hospitali waliponipa nguo za kaka yako, niliikuta kwenye mfuko wa shati. Niliiona saini yako, nikaikunja nikaitia kwenye soksi. Polisi waliponiuliza kama gari lilikuwa na hitilafu, nilisema sijui. Mimi, mwalimu niliyewachapa watoto kwa uongo. Nilijiambia Wiston amekwisha kufa, hakuna wa kumfunga. Wewe bado nilikuwa nawe.

Lakini yupo Frida. Ndugu wa Francisca hawaitikii salamu yake sokoni. Binti mkubwa wa Wiston shuleni anaitwa mtoto wa muuaji. Kila Jumapili Frida anasimama kanisani kumwombea msamaha mume ambaye hakukosa, kisha anarudi ananipakulia chakula, nami nakula.

Njoo, mama. Mwambie kwa mdomo wako, mimi nitakaa kando yako. Nitakungoja stendi kila Jumamosi.

Baba yako


Bukiriro
28 Julai 2024

Joyceline,

Salamu. Natumaini u mzima, maana simu yako haiiti tena.

Jumamosi sita nimekwenda stendi. Kondakta siku hizi akiniona anatikisa kichwa hata kabla basi halijasimama.

Jana niliporudi nilimpa Frida karatasi. Alisoma jina lako mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa kukutetea, nina maneno yangu tayari. Hakuuliza habari zako. Aliniuliza, "Baba, hii umekuwa nayo tangu lini?"

Nikamwambia, tangu hospitali.

Leo asubuhi amefunga mizigo, amewachukua watoto, anarudi kwao Nyakisasa. Karatasi ameondoka nayo. Ataanza kwa ndugu wa Francisca, kisha polisi. Sikumzuia, na nikiitwa nitasema yote. Miaka kumi na miwili ameolewa hapa, hajawahi kunipita bila shikamoo. Leo amenipita.

Wewe njoo tu, mwanangu, hata kwa kuchelewa. Nyumba sasa ina nafasi.

Baba yako,
Bernardo