Sauti ya Baba kwenye Diski

Debre Markos, Yekatit 20 (huko kwenu Februari 27)

Kaka yangu Ayalneh,

Salamu nyingi. U mzima huko Oslo? Baridi imepungua? Sisi tunamshukuru Mungu, ila Mama anazidi kudhoofika. Hali kitu isipokuwa uji wa shayiri, na huo ni kwa kubembelezwa.

Mfungo mkuu umeanza, naye kama kila mwaka anataka kumsikia marehemu Baba akiimba na begena yake, kile kinubi chake kikubwa. Safari hii anasema ni mara ya mwisho. Tatizo ni ile kompyuta ya mezani uliyotuachia. Nikifungua nyimbo za Baba inaganda, halafu kitu kinagongagonga ndani. Nakala nyingine hatuna, unajua. Nimpelekee fundi wa sokoni azihamishie kwenye flashi? Au uje mwenyewe, umwone na Mama.

Mdogo wako,
Bosena

Oslo, Machi 3

Bosena mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima, kazi tu zimenibana, kuja kwa sasa haiwezekani. Mpe Mama pole.

Fundi wa sokoni! Yule anayetengeneza pasi na redio kwa nyundo moja? Asiiguse kabisa. Hii ndiyo kazi inayonilisha huku. Kompyuta ina chombo chake cha kujikagua. Fungua "Kompyuta Hii", bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua Sifa, kisha Zana, kisha Kagua. Ikisema ina makosa, iruhusu ijirekebishe. Itajizima na kujiwasha, utaona skrini nyeusi na asilimia zikipanda taratibu. Iache hivyohivyo, hata ukidhani imelala.

Muhimu ni umeme usikatike katikati. Nimeliona mtandaoni tangazo la mgao mpya wa mtaa wenu: kila Alhamisi utakatika saa mbili hadi saa nne asubuhi, basi. Anza baada ya hapo, una siku nzima.

Kaka yako,
Ayalneh

Debre Markos, Megabit 3 (huko kwenu Machi 12)

Kaka yangu,

Salamu, na pole na kazi. Mama anakusalimu kwa sauti ndogo. Kesho ni Alhamisi, nitaanza saa tano. Jirani yetu Yeshi anasema kasikia umeme utakatika mchana. Nimemwambia, "We Yeshi, kaka yangu ni mhandisi, hawezi kukosea jambo la kusoma tu." Akacheka, akaenda zake.

Tuombee.

Mdogo wako,
Bosena

Oslo, Machi 28

Bosena,

Salamu. Hii ni barua ya tatu nakuandikia, mbona kimya? Ukaguzi umeishia asilimia ngapi? Skrini imeandika nini? Ipige picha unitumie. Usibofye kitu kingine mpaka nikuelekeze.

Kaka yako,
Ayalneh

Debre Markos, Miyazya 6 (huko kwenu Aprili 14)

Ayalneh,

Salamu sina.

Skrini haikuandika kitu. Ilikuwa imefika nusu, umeme ukakatika, saa nane mchana. Nilikwenda mwenyewe kulisoma tangazo. Limeandikwa saa nane hadi saa kumi. Ni saa zetu, Ayalneh, saa za kuhesabu tangu jua lichomoze. Wewe ukazisoma kwa saa za huko, saa nane ikawa asubuhi, ukanigeuzia ikawa saa mbili. Umezaliwa hapa, umekulia hapa. Hata saa za kwenu zimekutoka?

Umeme uliporudi, diski iligonga kidogo, ikanyamaza. Yule fundi wa sokoni unayemcheka aliifungua, akasema imekufa.

Barua tatu umeulizia diski. Hukuuliza hata mara moja Mama kaamkaje. Nina uchungu na wewe, na sitauficha.

Yeye alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Bado?" Namjibu, "Bado, Mama." Nikachoka kusema uongo huo, nikatafuta mwingine. Nilimwomba shemasi mmoja kijana aje na begena yake, nikamketisha chumba cha pili, nikavuta pazia. Nikamwambia Mama kompyuta imepona, msikilize mumeo.

Alisikiliza wimbo mzima, kafumba macho. Ulipokwisha akanishika mkono.

"Mpe huyo kijana chakula," akasema, "anaimba vizuri."

Kisha akageukia ukutani. Hakuniuliza tena "Bado?" Tulimzika Jumamosi.

Bosena