Damu ya Chwaka Haikuharibika

Mji Mkongwe, Unguja
Jumanne, Mfunguo Pili

Kwa Mama yangu, Bi Mwanamwema,

Shikamoo Mama. Ukishaitikia, kaa kitako, vaa miwani yako na mlango urudishie. Natumai barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na mwani umewahi kukauka kabla ya mvua. Mimi sijambo kwa mwenye kuniona njiani. Mengine utayasoma humu, nami nakuomba usiruke mstari.

Najua utashangaa kupata barua kwa mtu mwenye simu. Simu yako, Mama, unaiweka sauti ya juu na nusu ya mtaa inasikiliza. Salamu zangu huitikiwa na jirani kabla yako. Ningekuja mwenyewe, lakini nikikuona nitalia, na ukiniona nalia utanilaza, na maneno hayatasemwa. Ndiyo maana nimempa kaka Simai mkononi, na nimemwambia akiifungua nitajua.

Nianze na ile damu. Unakumbuka watu walivyosema, ati sisi watu wa maabara tunakuja kuchukua damu za wanawake wa hapo Chwaka tukaziuze. Wewe ndiye uliyezunguka nyumba hata nyumba. Zamu ya pili ilipoangukia Ramadhani, ulimwendea maalim ukamuuliza kama kutolewa damu kunabatilisha saumu, ukarudi na jibu kuwa hakubatilishi, na siku yenyewe ukapandisha mkono wa buibui mbele ya wote ukasema mchomeni huyu kwanza. Bila wewe tusingepata hata mtu mmoja. Nayataja haya kwa sababu yanayofuata yanakugusa.

Uliwahi kuniuliza tunatafuta nini ndani ya hiyo damu, nami nikakujibu juu juu, nikidhani ni mambo ya kompyuta utachoka. Nisamehe. Tunataka kujua kwa nini chanjo hiyo hiyo inamshika mtu huyu barabara, na mwenzake inampita tu. Jibu halimo katika kitu kimoja. Kinga ya mwili ni kama askari wengi wanaopelekeana habari, na ukimtazama mmoja peke yake huambulii kitu. Kwa hiyo katika damu ya kila mtu tunapima maelfu ya vitu kwa pamoja, kisha kompyuta inamfanya kila mtu nukta moja na kuwaweka karibu wale ambao damu zao zinafanana. Ni kama harusini: hukuambiwa nani jamaa ya nani, lakini ukitazama waliokaa pamoja unajua. Kazi yangu ni kuutazama ukumbi huo na kuuliza kwa nini hawa wamekaa hapa na wale kule.

Damu ya kwanza, kabla ya kuchanja, ilikaa vizuri. Kisha chanjo ikachelewa kufika, tukachanja mwisho wa Shaabani, na damu ya pili ikaangukia Ramadhani. Matokeo yake yametoka wiki iliyopita. Wanawake wa Chwaka wamegawika makundi mawili, huku na kule, kama watu waliogombana. Jana tukakutana na wenzetu wa ng'ambo kwenye skrini. Wakasema, kwa adabu zao zote, kwamba kundi moja damu yake imeharibika kwa joto njiani kutoka Chwaka kuja maabara, na kwa kuwa nusu haiaminiki, bora itupwe yote na utafiti uendelee kwa damu za nchi nyengine. Dokta Muhiddin, mkubwa wetu, akainamisha kichwa akasema huenda ikawa kweli. Alhamisi wanakata shauri.

Mama, nilichemka. Nilikufikiria wewe ukiambiwa barazani kwamba damu zimemwagwa, na wale waliosema tutaziuza wakisema, si tulikwambia. Nikafikiria pia kwamba kesho chanjo zitatengenezwa kwa kupimwa damu za wengine, na sisi tutaletewa tu, tushikwe tusishikwe hakuna atakayejua. Nikasema Alhamisi haijafika, nipeni nafasi nitazame upya.

Nilipotazama nikaona jambo. Kama ni joto la njiani, basi hao wanaoitwa walioharibika wangekuwa wa Chwaka watupu. Lakini katikati yao pana nukta moja ya mjini. Sisi wafanyakazi tulitoa damu zetu ziwe za kulinganishia, tukatolea pale pale maabara, hazikuonja jua. Haitham, muuguzi aliyekuja kwenu, akasema bila shaka kibandiko cha nambari kimebadilishana na cha mtu mwengine. Dokta Muhiddin akamkubalia, na wote wakaona yamekwisha.

Hakikubadilishana. Nukta ile ni mimi.

Na ninajua nilichofanya asubuhi ile ya kutolewa damu. Nilifunga mlango wa chumba changu, nikanywa chai na mkate wa kumimina uliobaki, nikameza dawa, nikasukutua, nikatoka kama mfungaji. Nilikula, Mama. Ramadhani nzima nilikula mchana, na siyo kwa zile siku ambazo kila mwanamke anazijua.

Naumwa. Ule upele wa mashavuni ulioniambia ni joto la mjini haukuwa joto. Vidole vilivyokuwa vikivimba, nywele ulizozikuta kwenye kitana changu ukaniuliza natia dawa gani, yote ni kitu kimoja. Kinga yangu imenigeukia mwenyewe, inaupiga mwili wangu ikidhani ni adui. Jina lake refu, nitakutajia tukionana. Si la kuambukiza, na halina kupona, lakini lina dawa, na daktari amenikataza kukaa na njaa. Maalim wa huku amenambia nilishe masikini badala ya kufunga, nami nimeshaanza.

Sikukwambia kwa sababu ungenirudisha nyumbani, ukaniweka ndani, na kazi ikaishia hapo. Wewe ndiye uliyenifunza kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nikakuficha wewe. Kilichoniuma kuliko vidole ni siku ile nilipokuja kufutari. Ulinifichia tende nzuri chini ya kawa, ukawaambia watoto wasiziguse, hizi za mfungaji wangu aliyetoka mbali. Nikazila huku nakutazama. Sijapata kula kitu kichungu kama kile.

Sasa nataka ufahamu kwa nini nakwambia leo. Damu ya aliyekula na ya aliyefunga hazifanani. Ziko chembe za kinga zinazopungua kwenye damu mtu akikaa na njaa, na akila zinarudi. Siku ile Haitham aliwauliza wanawake barazani, wote pamoja, nani amefunga, na wote wakasema wamefunga. Mwanamme ndiye anayeuliza, mbele ya mawifi na mama wakwe. Nani angesema yumo katika siku zake? Nani angekubali kuitwa kobe, mla mchana wa Ramadhani? Nimetazama umri wao: wanawake wazima wa rika lako karibu wote wamekaa upande mmoja, na kule kwengine, niliko mimi, wamejaa wenye kuzaa na kunyonyesha. Damu haikuharibika. Imesema kweli, sisi ndio tulioiuliza vibaya.

Alhamisi nitasimama mbele ya Dokta Muhiddin, Haitham na wale wa kwenye skrini, nitasema nukta ile ni yangu, na nitasema kwa nini. Nimeshaamua, na usimtume Simai kuja kunizuia. Nilitaka tu habari hii uipate kwangu, isikufikie kwa njia nyengine.

Lakini nukta moja haitoshi, kwa hiyo nitawaomba wangoje kidogo kabla ya kuitupa. Jumamosi nitakuja na Salhiya, muuguzi mwanamke, tumuulize kila mmoja peke yake, ndani, mlango umefungwa. Asiyetaka asiseme. Hatutaandika majina, nambari za kadi zao tu. Hawatamfungulia Salhiya mlango kama hukupita wewe kwanza, na najua watakuuliza wewe una aibu gani ya kuwapa badala ya zao. Wape yangu. Anza na mimi, Mama. Waambie mwanangu Rahila, niliyemfichia tende, alikuwa hafungi, anaumwa, na yeye mwenyewe ameniruhusu niseme.

Nalijua ninalokuomba. Kama huwezi, nitapita mwenyewe mlango kwa mlango, na sitakulaumu.

Nisalimie shangazi na watoto wote, na jirani yako mwambie safari hii salamu zake nimezitanguliza mimi. Goti lisugue mafuta ya mkaratusi, usilipuuze. Na Ramadhani ijayo, Mungu akituweka hai, usinifichie tende. Nitilie chai asubuhi, nikae jikoni, nile mbele yako.

Mwanao akupendaye, ambaye hana tena cha kukuficha,

Rahila