Minazi ya Mwanaisha Kwenye Karatasi ya Benki

Malindi, Jumatano, Mei 1986. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, na mimi sina raha.

Leo simwamini mtu. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili siku nikija kusoma nijue nilikuwa katika hali gani.

Tangu tanuri langu la mikate lizimike, nyumba hii imegeuka kitu cha kutazamwa. Hoteli ya ufuoni niliyokuwa nikiipelekea mikate kila asubuhi ilipata mwenyewe mpya, naye akaja na mwokaji wake. Mkopo niliouchukua kujengea tanuri nimeshindwa kuulipa, na nyumba niliiweka rehani. Barua ya benki imeshafika: nisipolipa, dalali ataipiga mnada kabla ya mwezi kwisha. Sasa kila apitaye kichochoroni namwona anazikagua kuta zangu kama mnunuzi.

Jana jirani yangu, Mzee Bakari, aliniuliza kama kisima changu hukauka wakati wa kiangazi. Miaka kumi na minane tumekaa ukuta kwa ukuta, hajapata kuniuliza habari za kisima. Nikamjibu kuwa maji yake yana chumvi. Uwongo mtupu, ni matamu.

Hata wakili simwamini. Juzi nilikwenda kwake akaniambia nisihangaike sana: hata nikitangazwa muflisi, kitanda hakichukuliwi, wala nguo, wala sufuria za kupikia, wala vifaa vya kazi ya mikono yangu, maana mtu lazima abakishiwe cha kuanzia. Nikamuuliza, na nyumba je? Akavua miwani. Nyumba, akasema, uliwakabidhi benki mwenyewe kwa sahihi yako, hiyo haimo katika hesabu hiyo. Nikatoka najiuliza, huyu anayenifariji kwa sufuria analipwa na nani.

Lakini anayenikereketa roho hasa ni mke wangu.

Basi, nimeshaliandika.

Mwanaisha hana kawaida ya kutoka mchana. Wiki mbili hizi, baada ya adhuhuri, anavaa buibui anakwenda zake, na akirudi hasemi alikuwa wapi. Na Swaleh, nduguye anayekaa Mtwapa, ambaye mimi humwona Idi hata Idi, amekuja mara tatu mwezi huu. Ananiamkia vizuri, "Shikamoo shemeji," kisha wanakaa uani yeye na dadake, na nikipita nawasikia wanazungumza habari ya mvua. Sijapata kuona watu wanaoipenda mvua kiasi hicho.

Nikaanza kuunganisha mambo. Kiwanja hiki nilikinunua kwa marehemu baba yao. Swaleh hajatamka, lakini najua alitaka kibaki kwao. Mnadani nyumba huenda kwa bei ya kutupa. Nikaiona njama yote: Swaleh anunue, dadake abaki ndani, mimi niondoke na sufuria za wakili.

Na kuhusu kiwanja hicho kuna jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mkwe wangu aliponiuzia, aliniuzia ardhi peke yake. Minazi saba iliyosimama juu yake hakuiuza, alimpa Mwanaisha. Ndivyo tulivyozoea huku kwetu, ardhi ikawa ya huyu na miti ikawa ya yule. Mashahidi walikuwapo, karatasi haikuandikwa. Kila nazi inayoanguka uani ni ya mke wangu, na nikitaka tui la mkate wa sinia humwomba. Hata hivyo, bwana mmoja wa benki alipokuja kuithamini nyumba kabla ya kunipa mkopo, akaniuliza na minazi je, nilimwambia ni yangu. Iliongeza thamani. Nikatia sahihi.

Nilijiambia nitalipa, na hakuna atakayejua.

Leo nimemfuata. Naona haya kuandika, lakini nilimfuata mke wangu njia nzima, mwavuli nimeuteremsha usoni kama mwizi wa kuku. Swaleh alikuwa akimngoja karibu na soko. Wakaingia wote wawili katika ofisi ya dalali. Mimi nikasimama kwa fundi saa, ng'ambo ya pili ya barabara, nikijifanya nachagua mkanda. Walikaa mle ndani mpaka fundi akaniuliza kama kweli nina saa.

Sina.

Nikarudi nyumbani kabla yao, nimejaa hasira, nikakaa kupanga maneno. Mwanaisha alipoingia, hata buibui hajavua, nikamwambia, "Umeniuza wewe na nduguyo. Mmekwenda kukata bei ya nyumba yangu."

Aliketi, akanyoosha miguu iliyolowa. Swaleh alibaki mlangoni, na safari hii hakuniamkia.

Kisha Mwanaisha akanieleza, polepole, bila kunitazama. Swaleh amempatia mfanyabiashara wa nazi huko Mtwapa, mtu aliyekuwa tayari kuinunua minazi yote saba kwa pesa taslimu. Alikuwa amekusudia kuninyamazia mpaka pesa zipatikane, asije akanipa matumaini ya bure, kisha anikabidhi nizipeleke benki ili mnada usimame. Lakini yule mnunuzi alisikia habari za mnada, akataka uhakika kwamba minazi haimo. Ndiyo maana wamekwenda kwa dalali leo, waandikiwe tu kwamba haimo. Karani akafungua faili akawasomea: nyumba ya mawe, kisima, tanuri, minazi saba, vyote mali ya mume wake, na sahihi yangu chini.

Mnunuzi amejitoa.

Ndipo Mwanaisha akanigeukia.

"Baba Rukia," akaniita kwa jina la binti yetu, kama aniitavyo siku zote, "siku ile nilipomletea yule bwana wa benki dafu, ulikuwa umeshamwambia minazi ni yako, au bado?"

Nilikuwa nimelisahau dafu lile. Alilikata mwenyewe, akalileta juu ya sinia, akamkaribisha mgeni kwa mikono miwili.

"Bado," nikamwambia. "Nilimwambia wakati analinywa."

Swaleh akatoka nje. Mwanaisha hakulia wala hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Sasa alasiri inakwisha na mvua imekatika. Naandika barazani, yeye yumo jikoni. Wiki mbili nzima nimekuwa nikimvizia mtu aliyekuwa akitafuta njia ya kuniokoa. Aliyetoa mali ya mwenziwe bila kumwambia ni mimi, na niliitoa mgeni akinywa dafu lake, yeye akirudi jikoni na sinia. Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Nimeazimia. Kesho asubuhi nakwenda benki kusema kwamba minazi si yangu na kwamba nilidanganya. Huenda wakanishitaki. Nyumba nadhani itakwenda, na ninaiogopa siku hiyo. Lakini minazi lazima itoke kwenye ile karatasi, na hakuna mwingine wa kuitoa isipokuwa aliyeitia.

Nimemwambia Mwanaisha, nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Amesema vyema, ila nisitangulie. Twende pamoja, mimi na yeye na Swaleh, na tukifika aingie yeye kwanza akae, ndipo mimi nianze. Anataka kulisikia kwa masikio yake neno la kwanza litakalonitoka.