Mbao za Kwenye Kioo Hazisogei

Kwako mjukuu wangu, Injinia,

Pokea salamu, maana salamu hanyimwi mtu hata akiwa adui. Naamini u mzima. Wanaokaa ofisini hawaumwi kitu ila mgongo. Mimi sijambo. Miguu inagoma asubuhi, lakini meno yaliyobaki yanatosha kumng'ata mtu. Zamani ningekuita mume wangu, kama nilivyokuita tangu unatambaa. Leo utani huo sina. Nimeandika kwa mkono wangu, na mwandiko usiucheke. Shule niliishia kwenye kujumlisha.

Baba yako ametoka hospitali. Mguu wameukata juu ya goti. Amelala chumba cha uani, kwa sababu cha mbele kina ngazi.

Nataka nikukumbushe, maana naona umesahau upesi. Ulikuja hapa, ukasogeza sahani zangu, ukafungua kompyuta yako mezani. Baba yako ametoka kazini, vumbi la mbao limejaa masikioni, akakaa mbele yako kama mwanafunzi. Ukatueleza habari za zege jipya lisilotaka mashine ya kulitikisa, linalokimbia lenyewe, likapenya katikati ya nondo, likajaza pembe zote na kutulia sawasawa kama maji kwenye beseni. Ukasema unailisha kompyuta uzito wake na mnato wake, nayo inakuonyesha litakakopita na litakakokwama kabla hata ndoo moja haijamwagwa. Tukaona kweli kwenye kioo cha kompyuta. Kitu cha kijivu kikashuka upande huu wa ukuta, kikaibukia upande ule. Nikasema linakwenda kama uji uliopinduka, ukanicheka, ukasema mambo hayo hayapikwi jikoni. Haya, msomi.

Lakini baba yako hakutazama zege. Seremala hutazama mbao. Akakuuliza kama mbao zake zitalihimili. Ukamwambia atazame mwenyewe, je, zimetikisika? Hazikutikisika. Akacheka mpaka akafuta machozi, akatoka nje kuwatangazia majirani kwamba mwanawe amempimia mbao zake kwa kompyuta.

Basi kasha la mbao la kumwagia zege la ukuta ule akalifunga kama anavyofunga siku zote, hakuongeza mrunda hata mmoja wa kuliegemeza. Pampu ikasukuma zege kwa haraka, kama ulivyoagiza wewe. Kasha likapasuka chini, naye yupo pale pale anagonga kabari.

Mkaguzi mmoja wa wale wanaochunguza ajali alinieleza taratibu, hakunicheka. Alisema zege la kawaida ni zito na linajishikilia kidogo, ila hili lako linasukuma mbao kama maji ya tangi mpaka lianze kuganda. Akasema pia kwamba kwenye kompyuta yako mbao ni mchoro tu. Uliiambia mashine hazisogei, basi hazisogei, hata ungeziegemezea mlima. Kwa hiyo baba yako alipokuuliza, jibu ulikuwa nalo. Ulilimeza kwa sababu ulitaka makofi sebuleni kwangu.

Halafu ukampigia simu, bado ana bomba la dawa mkononi. Hukujua kwamba aliyemshikia simu sikioni ni mimi. Nilisikia kila neno. Ulimwomba awaambie wakaguzi kwamba ulimwagiza aongeze mirunda, akafanya uvivu. Ukamwambia mguu umeshakwenda, juu ya jengo hapandi tena, sasa jina la ufundi atalifanyia nini, wakati wewe ndiyo kwanza unaanza maisha. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Baba yako alilia, kisha akakubali.

Wakaguzi wakaja. Nikawapa viti. Mtu anayeng'oa mlango mzima kwa sababu unakwaruza sakafu kidogo, akajiita mvivu mbele ya wageni, tena akitabasamu. Nikamwacha aseme. Kujifanya mjinga kwa ajili ya mwanawe ni haki yake.

Sasa kaa chini kama umesimama. Niliwasindikiza wale wakaguzi hadi barabarani, na pale kwenye mtaro nikawaambia yote, ya sebuleni na ya kwenye simu. Wakaniuliza kama ninaelewa kwamba nitamharibia kazi mjukuu wangu. Nikawajibu kuwa hilo ndilo kusudi langu. Watakuita karibuni, na nimetaka ujue mkono uliokusukuma ni wa nani, usije ukamshuku mtu baki. Wewe ni mjukuu, nililetewa. Yule nilimzaa.

Usiniletee wazee wa kuniomba radhi wala kunisuluhisha. Chai watakunywa, maneno watarudi nayo.

Baba yako ameshajua. Haongei nami. Chakula anapokea, uso ameugeuzia ukutani. Alisema neno moja tu, kwamba nimemkata mguu wa pili. Limeniingia, sikufichi, lakini nililowaambia wale watu silifuti.

Wasalimu walio karibu nawe, kama bado wapo. Baba yako aliponiona nimeshika kalamu alivunja kimya chake, akaniagiza nikuandikie kwamba hana kinyongo, anaendelea vizuri na ameanza kutembea.

Hatembei.

Ni mimi bibi yako,
Mama wa seremala