Mayowe Yaliyopitia kwa Ciarunji

Mjukuu wangu Muthoni,

Hapa Kiambere tuko wazima, mbuzi wamezaa. Shangazi yako ananiandikia barua hii. Unauliza kama ni makosa kompyuta zote za ofisi yenu kuungana kupitia mashine moja ya katikati.

Nikiwa msichana, mayowe yetu yalipitia kwa Ciarunji, mama wa kilimani: unamwita, naye anaita kijiji. Siku mama yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa, nilimwita Ciarunji mpaka sauti ikaisha. Kumbe ameenda sokoni! Nikakimbilia kwa mkunga.

"Kwani hukusikia?" nikamfokea.

"Nilisikia, lakini Ciarunji hajaita."

Tulimkuta mama hai kwa neema tu. Tangu hapo, kila boma likisikia liliita jirani bila kungoja mtu.

Mashine moja ni rahisi. Lakini waulize wakubwa wa ofisi: ikizima, nani ataita nani? Na ule, umekonda.

Cucu wako