Wifi Charity, Huko Mlimani Kuna Nini?

Nyumbani kwa Nyanchama na Mutai,
Al Wakrah,
Doha, Qatar.
Ijumaa, 14 Novemba 2025.

Mpendwa wifi yangu Charity,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nchi hii ya jua. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto wako Bella na Eugene. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Bado unalikanda na maji moto nilivyokuonyesha, ama uliacha siku ya pili? Nakujua wewe. Na mama yako, bado anaficha dawa za presha chini ya godoro?

Huku sisi hatujambo. Mimi mwili uko sawa, isipokuwa hii mashine ya baridi inayovuma kutwa kucha mpaka masikio yanadhani kuna mvua. Nikitoka nje, hakuna mvua, ni vumbi na joto. Mjukuu wangu Wayne ametimiza miezi minane, ana meno mawili na anauma kama amelipwa. Melissa alifikisha miaka saba mwezi uliopita na jino la mbele limeng'oka.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu ninayotumia ni ya binti yangu Nyanchama, na kila neno ninalorekodi linabaki humo ndani. Kuna jambo sitaki lipitie humo. Jebet, nesi mwenzake tunayesali naye kanisani Mesaimeer kila Ijumaa, anakuja Kenya Jumanne, na ameniahidi ataikabidhi kwa basi la Voi, uichukue hapo. Nimeipaka gundi pande zote. Ukiikuta imebanduka, niambie. Mwandiko usiucheke, unajua niliishia darasa la nne.

Wifi, nakuuliza mara moja tu, na unijibu kama mtu anayemwogopa Mungu. Huko kwenu Wundanyi kuna nini? Nina wasiwasi juu ya Melissa, na nafikiri unajua kuliko mimi.

Ilianza hivi. Mwezi uliopita mkwe wangu Mutai alitoka kazini akitabasamu, akasema Desemba familia nzima inaenda likizo Kenya, majuma matatu. Kwanza bahari ya Diani, halafu wanyama wa Tsavo, mwisho kutembea milima yenu ya Taita. Akafungua kompyuta yake, akanionyesha ndovu wekundu kwa vumbi, na mzungu amelala kwa mchanga kama samaki wa kukaushwa. Nikafurahi. Ni nani asiyefurahi? Nikauliza, na nyumbani Keroka tutafika siku gani?

"Mama, hii ni likizo," akaniambia. "Nyumbani ni kazi."

Nyanchama akacheka, lakini hakuinua macho. Tangu lini mtu akatoka ng'ambo akazunguka nchi nzima bila kukanyaga kwao? Hata mgonjwa hupitishwa nyumbani kwanza. Hapo moyo wangu ukakaa macho.

Kisha nikasikia kwamba Tsavo tunalala kwenye mahema. Wewe uliolewa kwetu, unajua heshima ya mkwe ilivyo kwa Wakisii. Hapa Doha nimevumilia kulala nyumba moja na Mutai kwa sababu kuta ni za saruji na mtoto alihitaji kulelewa. Lakini turubai? Nikikohoa anasikia, akikoroma nasikia. Nikamwambia mimi sitaweza.

"Mama, hema lako wewe na Melissa liko mbali na letu."

"Mbali kiasi gani?"

"Kama hatua hamsini."

"Na hao simba wenyewe watakuwa wapi?"

"Hapo katikati, Mama."

Tulicheka sote, hata mimi. Nikamwambia na baharini avae shati, sitaki kuona kifua cha mkwe wangu mimi. Akakubali. Nikamwambia asiingie majini nikiwa nimekaa hapo. Akakubali pia. Wifi, mkwe anayekubali kila kitu haraka namna hiyo, wewe ungemwamini?

Halafu nikajiuliza, milima imejaa Kenya nzima, mbona iwe Taita? Na mbona mlima uwekwe mwisho, wakati watu wamechoka na nguo zimechafuka? Nikajifariji kwamba wanataka kukusalimia wewe anti yao, kwani tangu ndugu yangu afariki ukarudi kwenu, Nyanchama hajakuona. Nikasema angalau wana adabu.

Juma lililopita Nyanchama alinipeleka Najma, kwenye vile vichochoro vya maduka madogo madogo, kununua vitu vya safari. Nilidhani tunanunua kofia na miwani ya jua. Akanunua soksi nyeupe jozi kumi na mbili. Viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, jozi mbili. Shuka mbili za buluu. Sweta tatu nene za kijani, zote sawasawa kama pacha. Mwenye duka mwenyewe alizitafuta nyuma kabisa, maana Doha sweta nene utamuuzia nani?

Nikamuuliza, "Hiyo hoteli haina shuka?"

"Baridi ya mlimani ni kali, Mama."

"Baridi inataka blanketi. Shuka la buluu linazuia baridi gani?"

Akajifanya anatafuta chenji kwa mkoba. Na zile sweta, wifi, nilizijua. Ni kijani kile kile cha wale watoto wa shule yenu ya bweni, ile picha uliyonitumia umesimama nao umevaa aproni ya mlezi. Lakini nilinyamaza. Nilitaka nione mwisho wake.

Jumatatu akaniletea uzi mweupe na sindano. "Mama, wewe una mkono mzuri. Nishonee jina la Melissa kwa hizi sweta na shuka." Na chini ya jina nishone namba 114.

"Namba ya nini?"

"Ya dobi wa hoteli. Nguo zisipotee."

Nikashona. Lakini mikono inashona na kichwa hakilali. Dobi gani anakupa namba hujafika kwake? Nimefua nguo za watu miaka mingi, sijawahi kumpa mtu namba akiwa bado yuko ndani ya ndege.

Jioni hiyo nilikuwa nikimwogesha Melissa, nikamuuliza anataka kuona nini huko kwetu. Akataja twiga, akataja simba, akataja bahari. Kisha akasema, "Na mlimani nitapata marafiki wengi. Mami amesema."

"Marafiki gani mlimani? Nyani?"

Akacheka mpaka akameza sabuni. "Sio nyani, Nyanya! Watoto!"

Basi nikajua nina kazi. Ile karatasi ya tiketi ilikuwa kwenye droo. Jumanne niliitia ndani ya Biblia, nikateremka nayo kwa Jebet, anakaa jengo hili hili, anisomee maana imeandikwa Kizungu. Kwenda Mombasa, majina matano. Kurudi Doha, majina matatu: Mutai, Nyanchama na mtoto Wayne. Langu halipo, na hilo nalijua, viza yangu ya kutembelea inaisha na mimi narudi kwangu. Lakini la Melissa pia halikuwepo. Jebet alisoma mara mbili, akanirudishia karatasi polepole. "Mama, muulize mwenyewe," akasema, "mimi sijaona kitu."

Nilimngoja Nyanchama Jumatano atoke hospitali. Nikampa chai, nikamwacha anywe nusu. Kisha nikamwekea sweta moja mezani, ile namba ikiwa juu.

"Hii hoteli ya namba 114," nikamwambia, "wanafungua muhula wa kwanza lini?"

Akasukuma kikombe kando. Kisha akasema yote. Kwamba yeye yuko shifti za usiku, Mutai anatoka alfajiri, mimi naondoka. Wayne amepatiwa mama wa kumlea hapa jengoni, lakini huyo mama hataki mtoto wa pili. Shule ya Melissa inawaachilia adhuhuri, na mtoto wa miaka saba hawezi kukaa peke yake nyumbani na mashine ya baridi mpaka magharibi. Huko kwenu kuna hewa nzuri na wewe uko. Likizo waliipanga ili mtoto afurahi kwanza.

Sikukasirika juu ya shule. Nataka ujue hivyo. Mzazi anayefanya kazi huhesabu vidole na kuona havitoshi. Nilichouliza ni kimoja: "Melissa mmemwambia?"

"Tutamwambia tukifika."

"Mkifika wapi? Langoni?"

Ndipo akaniangalia, wifi, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, wewe uliniambia unaenda dukani kununua chumvi."

Wewe ulikuwepo. Nilipoenda Kericho kuchuma majani chai alikuwa na miaka sita. Nilikuomba umpeleke nyuma ya jiko umwonyeshe vifaranga, asinione nikishika njia, na wewe ukafanya hivyo kwa sababu nilikuomba. Sikulaumu hata kidogo. Nilirudi baada ya miezi saba nikamkuta amenenepa, nikasema watoto husahau. Miaka thelathini sijawahi kumuuliza. Kumbe anakumbuka hadi kitambaa nilichofunga kichwani, cha manjano. Na anasema hakupenda vifaranga tena.

Nikachukua wembe nikaanza kufumua ule uzi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafumua. Mtoto hatavaa namba ambayo hajaambiwa ni ya nini."

Akaweka kichwa mezani akalia, na mimi nikalia, na Wayne akaamka akalia pia bila kujua sababu. Mutai aliporudi alitukuta hivyo, akasimama mlangoni na viatu mkononi. Akasema, "Basi tutamwambia, Mama." Haraka, kama kawaida yake.

Leo asubuhi kabla ya kanisa wamemwambia. Nilikaa hapo hapo nisikie kwa masikio yangu, sikutaka kuletewa habari. Nyanchama aliongea vizuri, lazima niseme ukweli. Alimweleza siku na miezi, na kwamba watakuja Aprili. Melissa alisikiliza huku ulimi ukicheza kwenye pengo la jino. Aliuliza kama simba wa Tsavo wanaweza kupanda mlima mpaka shuleni. Mutai akasema hapana, ni mbali. Halafu akauliza, "Mtaenda nikiwa macho, ama nikiwa nimelala?"

"Ukiwa macho," Mutai akasema. Nyanchama alienda jikoni akafungua bomba, na hakuna kilichokuwa kikioshwa.

Namba nimeishona tena, mara hii Melissa akinishikia uzi. Lakini bado siamini, na ndiyo maana nakuandikia. Mtu huahidi vizuri akiwa mbali na lango. Siku yenyewe ikifika, mtoto akishika sketi ya mama yake, gari likiwa linanguruma, hapo ndipo watu hutafuta njia ya mkato. Mimi mwenyewe niliitafuta.

Na wewe pia nakushuku, nisikudanganye. Namba 114 haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliiandika kwenye kitabu cha shule, na wewe ndiye unayegawa vitanda hapo. Tumeongea na wewe mara tatu tangu Oktoba, ukaniambia habari za maharagwe na za mvua, hukuniambia habari za kitanda. Kama walikuomba unifiche, sema. Sitakasirika sana.

Niandikie kitanda chake kiko wapi, karibu na dirisha au karibu na mlango, na anayelala pembeni yake ni mtoto wa nani. Melissa akiogopa hukojoa usiku, na hatasema, atalala hapo hapo penye maji mpaka asubuhi. Asichekwe. Viazi hapendi lakini ukimwambia ni chipsi anakula. Na mimi nitafutie chumba, hata kidogo, karibu na shule, kwa muhula huo wa kwanza. Keroka nitaenda Aprili, shamba limekaa bila mimi miezi mitano, halitakufa kwa mingine. Nimewaambia Nyanchama na Mutai hivyo. Nyanchama alinishika mkono. Mutai alikubali kabla sijamaliza kusema.

Ombi langu kubwa ni moja. Siku hiyo wazazi wake wakikuita kando wakuambie, "Anti, hebu mpeleke nyuma kidogo akaone sungura," ukatae. Hata nikikuomba mimi mwenyewe, kwa sababu najijua, ukatae. Umshike mkono, msimame langoni wote wawili, alione gari likiondoka mpaka lipinde kona. Akilia, mwache alie. Nitakuwa hapo upande wa pili wa mkono wake.

Nisalimie mama yako, mwambie godoro halina presha, dawa ni zake yeye. Wasalimie Bella na Eugene, na wale walezi wenzako wa bwenini ambao sasa nataka kuwajua kwa majina. Melissa anakusalimu, anauliza kama una meno yote. Mungu aliyekulinda katika ujane wako aendelee kukufunika, na akupe ujasiri wa kunijibu ukweli.

Mimi nikupendaye hata ninapokushuku,
Wifi yako,
Mama Nyanchama.