Transfoma ya Saba

Jumanne, Aprili 1996. Rasharasha tangu asubuhi, na kichwa changu kiko mbali.

Jumamosi iliyopita, saa tisa alasiri, nilipoteza alama za transfoma zangu saba.

Ni zile za kutoa sauti, zinazokaa kati ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, na spika. Nimeziokota moja moja kwa miaka kumi, kwenye redio mbovu za kambi za miwa. Hakuna aliyenifundisha. Nilipima mwenyewe, nikaziandika namba kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Sasa Osmund, kaka yake, amezisugua kwa thina na kuzipaka kijani. Eti kitu cha kanisani hakipelekwi kichafu.

Namwelewa. Ndicho kinachoniuma zaidi.

Jumapili kwaya itaimba kupitia amplifaya yangu. Valvu ninazo mbili tu. Zikiungua sijui nitazitoa wapi tena. Zinataka transfoma ya omu elfu nane, siyo vinginevyo.

Leo nimepima upya. Umeme unapanda na kushuka kama homa, kwa hiyo nimeweka mita mbili, moja ya kuingia, moja ya kutoka. Ya kwanza: volti mbili upande wa waya mnene, hamsini upande wa waya mwembamba. Mara ishirini na tano. Zidisha kwa yenyewe, kisha kwa omu nane za spika: elfu tano.

Siyo.

Mvua ikazidi, bati likavuma, sindano ikawa kama inaelea. Nikaanza kusikia kwaya ndani ya kila chuma: hiki kina besi za wanaume wanaobeba mpunga, kile kina akina mama wa mstari wa mbele. Kila kimoja nilitamani kiwe ndicho. Sindano ingegusa volti sitini na tatu, ndiyo elfu nane yangu, ningecheka peke yangu. Nimepima mpaka cha mwisho, haikugusa.

Ndipo nikahesabu vyuma vyenyewe. Sita.

Osmund alipopita mchana nilimuuliza ya saba.

"Ipo, shemeji."

"Ipo wapi?"

"Ile ina kutu bwana, hata rangi inaikataa! Ungetutia aibu mbele ya padri."

"Nimeuliza wapi."

"We naye! Ipo tu. Kwani hizo sita hazilii?"

Zinalia. Hata mbuzi analia.

Akapanda baiskeli akaenda zake, ananicheka.

Nimekaa hapa, mvua imekatika, naiona ile transfoma yenye kutu kila nikifumba macho. Ukurasa huu nitauchana niupitishe chini ya mlango wake. Osmund, sitaki habari za kutu wala za padri. Kesho saa nne asubuhi, kabla hujaondoka kwenda Michenga, nitajie mahali, basi.

Umeiweka wapi?